Siku Nilipokunyamazisha Mbele ya Mbegu

Bunia, Jumamosi alasiri

Riziki mwanangu,

Umekwenda kumuaga tate yako, mama yangu mzee, na baba yako ametoka kuulizia gari ya kesho. Nyumba imetulia, ni kuku tu wanaoparua nyuma ya jiko. Nimepangusa meza, nimefungua kaye yangu, daftari la masomo ya jioni, pale katikati, ambapo karatasi hutoka mbili pamoja bila kuchanika. Mwalimu wetu anatufundisha kwamba sentensi ni lazima ifike mwisho wake kabla hujaanza nyingine. Nitajitahidi. Hii ndiyo barua ndefu ya kwanza ninayoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na nimefurahi kwamba ni yako.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kuwaogopa njiani sitazirudia. Tate yako atakuwa amekwisha kukuambia zote, na zingine mara mbili. Mimi nataka kukuandikia juu ya mahindi. Ni miaka minne umenitunzia siri moja, na hukuniomba chochote badala yake. Sitaki uingie Kisangani, kwenye shule ya wataalamu wa kilimo, ukiwa bado umeibeba. Ndiyo maana leo asubuhi nimefanya jambo ambalo nitakueleza, lakini acha kwanza nilipange tangu mwanzo, kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kulizungumza hadi mwisho.

Unakumbuka butike ya Baba Amosi pale sokoni, ile ya mlango wa buluu, alipokuwa akiuza majembe, dawa ya kunyunyizia na mbegu za pakiti zinazotoka ng'ambo ya ziwa. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nilikupeleka unibebee mzigo, lakini ukweli ni kwamba nilikupeleka unisomee. Nilinunua pakiti mbili za mahindi, zile mbegu zilizopakwa rangi nyekundu ya dawa. Baba Amosi alizishika kidogo kabla ya kunipa, akaniambia zitazaa sana, lakini nisirudishe mavuno yake udongoni. Msimu mwingine nije ninunue mpya. Wewe ukageuza pakiti, ukanisomea nyuma, palipoandikwa kwa Kiswahili chao cha kule, maneno yaleyale.

Nilikuwa na mawazo mawili kichwani. La kwanza, kwamba mwenye butike lazima aseme hivyo, maana asipouza atakula nini. La pili ndilo linaloniuma hadi leo. Uliposoma, Baba Amosi alikusifu, akasema una akili. Mimi nilisimama katikati yenu kama mzigo uliowekwa chini. Mtoto niliyemfundisha kushika jembe alikuwa akiniambia mambo ya mahindi ambayo mimi siwezi kuyaona kwenye karatasi. Nilikuonea wivu, Riziki. Si neno zuri kwa mama kuliandika. Nililichukia lile onyo kwa sababu ya kinywa kilicholitoa.

Mavuno yale unayakumbuka. Mahindi yalisimama sawasawa kama wanafunzi kwenye mstari wa bendera, kila bua na gunzi lake kwenye kimo kilekile. Watu waliokuwa wakienda zao mtoni walisimama kutazama. Bamama wa kikundi chetu cha kulima walikuja kushika magunzi kwa mikono, na Mama Zawadi, unamjua ulimi wake, akasema kama shamba langu lingekuwa mwanamume angeacha ndoa yake. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Kisha nikafanya kile ninachokijua kuliko wote. Nilichagua mbegu kama mama yangu alivyonifundisha, naye alifundishwa na mama yake. Nilichukua magunzi mazito yenye mistari iliyonyooka, nikayafunga kwa maganda yake, nikayatundika juu ya moto yapate moshi usiku na mchana. Wakati ulipofika, niliondoa punje za kichwani na punje za kitakoni, nikabakiza za katikati peke yake. Sikukosea hatua hata moja. Nimefikiria sana jambo hilo. Kama ningekuwa mvivu, ningekula mahindi yote na kosa lisingetokea. Ufundi wangu ndio uliolibeba kosa hadi kwenye mashamba ya watu tisa.

Uliniambia nyumbani mara mbili, nami sitaki useme kwamba hukuniambia vizuri. Mara ya kwanza ulikuja na kaye yako ya biolojia. Ulieleza kwamba mahindi yale baba na mama yake ni wa jamaa mbili, kwamba uzao wa kwanza hufanana wote, lakini ukiwapanda watoto wale, kila mmoja atavuta upande wake. Nilikuambia mahindi hayana shangazi. Mara ya pili ulisema maneno machache zaidi, na mimi nikakutuma kuchota maji.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kwetu mbegu haiuziwi jirani, wala haishukuriwi. Anayetoa anamimina kwa kopo, anayepokea anafungua kitenge, anakikunja, anaondoka bila aksanti, kwa sababu mbegu ikishukuriwa inadhani kazi yake imekwisha. Na mbegu ikiwa hewani kati ya mkono na mkono, hakuna wa kusema neno baya juu yake. Desturi hii naipenda. Imewafanya watu wengi kulima bila kuinamisha kichwa mbele ya mwingine. Lakini siku ile niliitumia kujificha. Nilijua ninachopaswa kuwaambia bamama. Nikajiambia kwamba desturi hainiruhusu, na moyo wangu ukafurahi kwamba hainiruhusu.

Walikuwa wamepiga mstari uani, vitenge vimefunguliwa. Nilikuwa nikimmiminia Mama Furaha kopo la pili, ndipo ukatoka jikoni ukiwa bado na yunifomu ya shule, ukasimama karibu yangu.

Ukasema, "Bamama, ile mbegu ni ya kupanda mara moja tu. Mukiirudisha tena itatoka ovyo. Mwenye kuuza alisema, na kwa pakiti iko imeandikwa."

Mkono wangu ulisimama. Punje kadhaa zilianguka chini na hakuna aliyeinama. Mama Zawadi aliuliza, "Mama Riziki, kati yenu wawili nani njo alizaa mwenzake?" Wakacheka wote, na kile kicheko kilinichoma kuliko maneno yako.

Nilikuambia uombe musamaha. Nilikuambia umesema mubaya juu ya mbegu iliyo mukononi mwa mutu, na kama mashamba ya watu yataharibika, ni ulimi wako. Uliniangalia muda mrefu. Kisha ukapiga goti mbele ya wanawake tisa, ukasema, "Munisamehe, bamama." Sauti yako haikutetemeka. Mimi nikaendelea kumimina.

Riziki, nimezaa watoto watano, nimezika mmoja, nimekimbia na kurudi zaidi ya mara moja, lakini nikiulizwa ni saa gani ya maisha yangu ningependa kuirudisha, nitasema ile.

Hukununa. Mtu mwingine angenuna. Wiki ileile ulikwenda kwa tate yako kumwomba yale mahindi yake ya zamani, ya manjano, yenye punje nyekundu hapa na pale, mafupi na magumu kama kokoto. Wote tulikuwa tumeyaacha. Dari ya jiko lake ilikuwa imevuja, na magunzi mengi yaliyokuwa juu yalikuwa yameliwa na wadudu. Alikupa yaliyobaki. Ukaniomba kona ya shamba kule chini karibu na migomba, nikakupa, kwa sababu nilikuwa nikitafuta namna ya kukuomba radhi bila kuomba radhi. Ulipanda majuma matatu kabla yetu. Nilikuuliza mbona haraka. Ulisema hutaki maua ya mahindi yako na ya kwetu yafunguke pamoja, upepo usije ukayachanganya. Nikasema sawa. Sikuelewa, na sikuuliza tena.

Sehemu inayofuata hujui yote.

Ulidhani nilivunja mahindi yako kwa kusahau. Sikusahau. Siku ya kupalilia, kikundi kilikuwa kwetu, na nilikuwa nimepanga kuwapikia sombe ya majani ya muhogo na fufu. Lakini asubuhi tulipoingia shambani, niliona shamba langu. Bua moja lilikuwa limenipita kimo, jirani yake limenifika gotini. Mengine yalikuwa yamekwisha kuanza kutoa maua, mengine bado majani matupu. Mama Furaha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata kwake iko vile. Na kule kwenye migomba, mahindi ya kona yako yalikuwa yamesimama vizuri, mafupi, yamelingana, magunzi yamejaa. Bamama waliiona. Mmoja akauliza ni mbegu gani ile. Nikajibu ni mahindi tu ya mutoto ya kuchezea. Nikashuka, nikayavunja, nikawachomea.

Nilivunja ushahidi wako, mwanangu. Hilo ndilo nililofanya.

Uliporudi kutoka shuleni ulikuta maganda kwenye majivu. Ulisema, "Mama, ile ilikuwa mbegu." Nilijibu kwamba mahindi ni chakula. Hukulia mbele yangu. Ulishuka kwenye migomba, na magharibi ukarudi na magunzi saba ambayo hatukuyaona kwa sababu majani ya migomba yaliyafunika. Yalikuwa bado mabichi, kwa hiyo uliyaacha kwenye mabua yake na kuyafunga kamba nyekundu, ukaniambia kwa adabu kabisa kwamba yale yenye kamba ni yako. Sikuyagusa.

Mavuno ya bamama yalikuwa mabaya kwa wote. Hakuna aliyekosa kabisa, lakini kila mmoja alipata nusu ya nusu ya alichotazamia, na Mama Furaha, ambaye alikuwa na watoto wa dada yake pia, alianza kula mara moja kwa siku. Watu wenye njaa hutafuta jina la kutaja. Hawakutaja langu, kwa kuwa nililima pamoja nao na kupata kidogo pamoja nao. Wewe pia walikuacha, kwa sababu Mama Zawadi alisema mutoto haloge mahindi. Walimtaja Baba Amosi. Walisema ameuza mbegu mbovu.

Nilikwenda nao sokoni, nawe ulikuwapo, umebeba beseni. Tulikuwa wengi. Wanawake walimwaga magunzi yale ya vibogoyo mbele ya mlango wake. Alikuwa ameketi na mke wake, wanakula. Alisimama, akauliza amewakosea nini, kwa sababu yeye hakuwauzia hata mmoja wao. Kisha akaniona nyuma, na uso wake ukapata matumaini. Ndiyo, matumaini, niliyaona.

Akasema, "Mama Riziki, miye sikukuambia? Na mutoto wako hakukusomea?"

Nilijibu, "Miye sijue kusoma."

Ilikuwa kweli. Sikujua kusoma. Kila mtu pale alijua, na kila mtu alinihurumia, na huruma ile ikawa hasira juu yake, kwamba amemdanganya mwanamke asiyejua kusoma. Nilichukua neno la kweli nikalifanyia kazi ya uongo. Baba Amosi alikuangalia wewe. Nami nilikuangalia wewe. Ulishusha beseni chini, ukalipandisha tena kichwani, hukusema kitu.

Nyumbani, ulinikuta nachambua maharage. Ulisema, "Sitasema, mama. Weye ni mama yangu. Lakini usinitume tena kwa ule mutu." Kisha ukakaa ukachambua maharage pamoja nami mpaka yakaisha.

Mwezi haukupita, mlango wa buluu ukafungwa. Hakuna aliyekuwa akinunua kwake. Tulisikia amehamia Mambasa na mke wake, anauza vitu vilevile.

Baada ya hapo wewe ulifanya kazi, na mimi nikapokea sifa. Magunzi saba ulisema ni machache, kwamba ni kama ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe, utadhoofika. Ukamwandikia shangazi yako wa Boga, aliyekuwa bado na mahindi ya aina ile, akatuma kifuko kwa mtu anayekuja huku. Ukachanganya. Msimu wa kwanza ulipanda kona, wa pili nusu shamba. Wa tatu tulikuwa na ya kugawa. Tuliwamiminia bamama wote tisa, hakuna aliyeshukuru, wakakunja vitenge wakaenda. Leo ukipita kutoka kwetu hadi mtoni unaona yale ya manjano kila mahali. Hayazai kama yale ya pakiti, hilo tunalijua. Mama Zawadi bado hununua pakiti moja kwa kipande chake cha mbele, na kila msimu hununua mpya, na huyapanda mbali na yale ya zamani kama ulivyomwonyesha. Sasa hakuna anayechanganya mambo. Umewapa njia mbili, na wanajua ipi ni ipi.

Lakini wanasema ni mimi. Wanasema Mama Riziki alituokoa kwa mbegu ya mama yake. Mara ya kwanza niliposikia nilitaka kuwakatiza, nikangoja, na baada ya kungoja ikawa vigumu. Ndivyo uongo wangu wote ulivyokuwa, Riziki. Sijawahi kupanga hata mmoja. Nimengoja tu, kidogo zaidi ya inavyofaa.

Nilianza masomo ya jioni kwa sababu ya lile neno nililolisema sokoni. Sikukuambia sababu. Nilitaka neno lile lisiwe kweli tena, nisiweze kulitumia mara nyingine. Ulikuwa ukinisaidia kushika kalamu, unakumbuka, na ulikuwa mvumilivu kuliko nilivyokuwa kwako. Nilipoweza kusoma sentensi nzima, nilitoa ile pakiti ya zamani kutoka kwenye sanduku la vitenge, nikasoma nyuma yake polepole kwa kidole. Usipande tena mavuno ya mbegu hii. Maneno sita. Nilikuwa nimeketi kitandani, na nilicheka peke yangu, kisha nikaikunja nikairudisha sandukuni.

Juma lililopita bamama walipotupikia kwa ajili ya safari yako, Mama Zawadi alisimama akasema kwamba binti anakwenda kusomea mbegu kwa sababu mama yake ana mkono wa mbegu. Watu wakapiga vigelegele. Nilikutazama. Ulikuwa umeinamisha kichwa unatabasamu, tabasamu la mtu anayesaidia mwingine kubeba kitu kizito. Nikajua kwamba utaendelea. Utafika Kisangani, watakuuliza kwa nini ulichagua kazi hii, na utatafuta jibu lisilonigusa. Utatumia akili yako nzuri kunifichia. Hapana.

Leo asubuhi tulikuwa kwenye shamba la Mama Furaha, tunang'oa maharage. Tulipoketi kupumzika niliwaambia. Nilikuwa nimeandika maneno usiku wa jana kwenye kaye ili nisiyazungushe. Nilisema, "Baba Amosi aliniambia. Riziki alinisomea. Siku niliyowamiminia nilijua, nikanyamaza. Na yale mahindi ya manjano yalikuwa ya Riziki, miye niliyavunja nikawachomea."

Mama Furaha aliinuka, akafunga maharage yake, akaondoka na jembe begani katika shamba lake mwenyewe, akatuacha tumekaa pale kama wageni. Nilijua watoto aliokuwa akiwalisha mwaka ule. Sikumfuata. Nitakwenda kwake Jumatatu, na kama hatafungua, nitarudi Jumanne.

Mwingine alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyemwaga magunzi kwenye sahani ya Baba Amosi. Hakuna aliyekuwa akilifikiria hilo kwa miaka minne, na sasa kila mmoja alikuwa akitafuta alichofanya siku ile.

Mama Zawadi alikuwa akivunjavunja ganda la haragwe. Unajua yeye hakosi neno. Akaniuliza, "Na ule mutoto tulimupigisha magoti. Anaenda lini?"

Nikamwambia kesho.

Akasema, "Basi leo magaribi tutakuja. Na weye usipike kitu. Hatukuje kula."

Kwa hiyo watakuja, wakati wewe utakuwa umerudi kutoka kwa tate. Labda watakuwa wanane. Najua tabia yako. Utataka kuwawahi, utasema si kitu, bamama, yamepita, utawaletea viti na kuanza kuwauliza hali za watoto ili wasipate nafasi. Nakuomba usifanye hivyo. Kaa kwenye kiti cha baba yako. Waache waseme hadi mwisho, hata Mama Zawadi akianza kulia, jambo ambalo sijaliona. Ulipiga goti ukiwa mtoto, ukiwa na haki. Watu wazima nao wapewe nafasi yao.

Mimi nimechagua kukuandikia kwa sababu mdomoni ningekatiza, na wewe ungenisaidia. Nisamehe, Riziki. Nisamehe kwa siku ya mbegu, kwa kona ya migomba, kwa sokoni, na kwa sifa nilizokaa nazo. Sikupi sababu. Ulizozihitaji nimekwisha kuandika.

Siku moja utasimama uani mwa mtu, na karatasi zako, na utamwambia mwanamke kama mimi kwamba anachokifanya vizuri sana hakifai kwa mbegu ile. Atakuangalia kama nilivyokuangalia. Sijui la kukushauri. Nimejaribu kufikiria ni neno gani lingenifungua masikio na sijalipata, kwa sababu maneno yako yalikuwa mazuri. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nilikusikia. Siku zile zote nilikusikia. Yule mwanamke naye atakuwa anakusikia, hata akikutuma maji.

Najivunia wewe kiasi kwamba nikienda sokoni natembea taratibu ili watu wapate muda wa kuniuliza habari zako. Ulipotoka kwenye mtihani wa Serikali na matokeo yale, baba yako alilia nyuma ya nyumba akidhani hatumwoni. Lakini kama ningetakiwa kuchagua kitu kimoja cha kujivunia, nisingechagua matokeo. Ningechagua ile jioni ulipokaa chini ukachambua maharage pamoja nami, ukijua nilivyo.

Gari yenu itapita Mambasa, na kwa kawaida hulala hapo. Juma zima nilikuwa na wazo la kukuomba umtafute Baba Amosi, umpelekee salamu na maneno yangu. Anakupenda, angekupokea. Nilikuwa hata nimeanza kuandika karatasi yake. Nimeichana. Ukifika Mambasa, kula, lala, uendelee na safari yako. Kama mtakutana kwa bahati, msalimie kama mtu unayemfahamu, na ukitaka kumwambia lolote, mwambie, maana hakuna tena neno la kunilinda. Lakini usiende kwa ajili yangu. Maharage yakikauka, nitapanda gari mwenyewe. Mama Zawadi amesema atanisindikiza, na bado sijui kama ni kwa kunisaidia au kwa kuhakikisha nafika.

Nasikia sauti ya baba yako kwenye lango. Amepata gari.

Mama yako